Pakiti za Linux kwa fundi wa Tanga: nani anafanya nini, na pa kushika ikikwama

Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba kwenye steshenari za Ngamiani na Chumbageni zikabaki njia panda. Windows 11 inazikataa, na mwenye duka hana hela ya mashine mpya. Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, inazipokea bila kinyongo. Shida huanza baadaye kidogo, siku mhudumu anapotaka kuongeza programu. Amezoea kupakua faili, kulibofya mara mbili na kukubali kila kinachoulizwa. Huku anakutana na amri ya apt, mistari inayopita mbio kwenye skrini nyeusi, na umeme ukikatika katikati ya kazi anakuta ujumbe unaotaja dpkg. Ndipo anapompigia fundi: "Kaka, mashine imegoma."

Mwongozo huu ni wa mhudumu huyo na wa fundi anayepigiwa. Mfumo wa pakiti, yaani mafurushi yanayoleta programu za Linux, una sehemu chache, kila moja na kazi yake, na kila ujumbe wa hitilafu unatoka kwenye sehemu mojawapo. Ukiitambua inayolalamika, huna haja ya kunakili amri za watu usiowajua. Mifano yote ni ya Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux. Debian na Linux Mint zinafanana nayo kwa karibu kila kitu nitakachosema.

Ifungue pakiti uone kilichomo

Tutatumia qpdf, programu ndogo ya kuunganisha na kukata faili za PDF. Steshenari yoyote inayochapisha ripoti za wanachuo itaihitaji. Fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, kisha andika:

```
mkdir ~/jaribio
cd ~/jaribio
apt download qpdf
dpkg-deb -I qpdf_*.deb
dpkg-deb -c qpdf_*.deb
```

Amri ya tatu inaleta faili lenye mkia wa .deb bila kusakinisha chochote, ndiyo maana haikuomba nenosiri. Faili hilo ndilo pakiti. Ndani yake mna vitu vitatu: kifaili kinachotaja toleo la muundo wa pakiti, furushi la maelezo, na furushi la faili zenyewe za programu.

Amri ya nne inasoma maelezo. Utaona jina la pakiti, toleo, aina ya prosesa, anayeitunza, na mstari wa kuutazama kuliko yote: Depends. Hapo pakiti inataja pakiti nyingine ambazo bila hizo haifanyi kazi. Ya qpdf inataja libc6, ambayo karibu kila programu inaihitaji, na maktaba ambayo jina lake linaanzia na libqpdf. Mashine yako ikiwa imeshaunganishwa na printa, kuna uwezekano mkubwa maktaba hiyo unayo tayari, kwa sababu mfumo wa uchapishaji wa Linux nao unaitumia. Ni faida ya mpangilio huu: maktaba moja inawekwa mara moja na programu nyingi zinaichangia, kwa hiyo unachopakua kinakuwa kidogo.

Amri ya tano inaorodhesha kila faili na mahali litakapokaa: programu chini ya /usr/bin, nyaraka chini ya /usr/share, na kadhalika. Pakiti nyingine zina skripti ndogo pia, za kuendeshwa kabla au baada ya kusakinisha na kabla au baada ya kuondoa. Skripti hizo huendeshwa kwa mamlaka kamili ya msimamizi. Kwa hiyo .deb uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu usiyemfahamu inaweza kufanya chochote kwenye mashine yako, na inaanza kabla hujafungua programu yenyewe.

dpkg na daftari lake

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na dpkg ikaanza mwaka 1994. Kazi yake haijabadilika: inapokea faili la .deb, inalifungua, inaweka kila kitu mahali pake na kuandika kwenye daftari. Daftari hilo ni faili la kawaida la maandishi, /var/lib/dpkg/status, na orodha ya faili za kila pakiti iko kwenye folda ya /var/lib/dpkg/info. Usiyahariri kwa mkono. Yasome kwa amri hizi:

```
dpkg -l | less
dpkg -L cups
dpkg -S /usr/bin/lp
```

Ya kwanza inaonyesha pakiti zote. Ya pili inaonyesha faili zote za pakiti moja, hapa cups, mfumo wa uchapishaji. Ya tatu ndiyo niipendayo: unaitajia faili, inakuambia lililetwa na pakiti gani. Ukikuta kitu usichokijua kwenye /usr/bin, anzia hapo kabla hujashuku kirusi.

Kwenye orodha ya dpkg -l kila mstari unaanza na herufi mbili. Herufi ii maana yake pakiti ilitakiwa iwepo na ipo salama. Herufi rc maana yake imeondolewa lakini mipangilio yake imebaki. Ukiona iU au iF, pakiti imefunguliwa lakini haijamaliza kupangwa. Hali hiyo ndiyo umeme unaokatika hupenda kuiacha nyuma.

dpkg husakinisha kwa hatua mbili. Kwanza inafungua: kila faili jipya linaandikwa kwa jina lenye mkia wa .dpkg-new, na likikamilika ndipo linabadilishwa jina kuchukua nafasi ya lile la zamani. Halafu inapanga: inaendesha skripti za mwisho na kuwasha huduma. Kwa utaratibu huo, kukatika kwa umeme mara nyingi hakuharibu mashine. Kunaiacha katikati ya hatua mbili, basi. Umeme ukirudi utaambiwa:

```
dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a'
```

Fanya hivyohivyo ulivyoambiwa; sudo inaipa amri mamlaka ya msimamizi. Amri hiyo inamaliza upangaji wa pakiti zote zilizokwama. Nimeona watu wakifuta mfumo mzima na kuanza upya kwa sababu ya ujumbe huu, wakati jibu limeandikwa ndani yake.

apt ndiye anayefikiri

dpkg haitafuti pakiti wala haiendi kwenye intaneti. Ukiipa faili ambalo vitegemezi vyake (pakiti zilizotajwa kwenye Depends) havipo, italifungua, italalamika, na italiacha bila kupangwa. Ni kama kuli wa bandari yetu: anabeba alichopewa, na hesabu ya nini kitoke wapi na kitangulie kipi ni ya wakala wa forodha. Wakala huyo hapa ni apt, iliyoingia rasmi na Debian 2.1 mwezi Machi 1999. Inasoma orodha za pakiti zilizopo kwenye maghala, seva zinakotoka, inapanga vitegemezi, inapakua, kisha inamkabidhi dpkg faili kwa mpangilio sahihi.

Kwa sababu hiyo, hata faili la .deb ulilo nalo mkononi lipitishie kwa apt, ukitanguliza nukta na mkwaju:

```
sudo apt install ./programu.deb
```

Ukisahau ./ apt itadhani unataja jina la pakiti, itaenda kulitafuta ghalani na kukuambia haijaliona.

Ghala na saini

Ghala ni seva yenye pakiti maelfu pamoja na orodha zake. Ubuntu 24.04 inaandika maghala yake kwenye /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, na ukilifungua utakuta mistari ya namna hii:

```
Types: deb
URIs: http://archive.ubuntu.com/ubuntu/
Suites: noble noble-updates noble-backports
Components: main restricted universe multiverse
Signed-By: /usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg
```

noble ni jina la toleo la 24.04. Components ni mafungu: main linatunzwa na Canonical yenyewe, kampuni inayotengeneza Ubuntu, universe linatunzwa zaidi na jamii ya watumiaji, restricted lina madereva yasiyo huria, na multiverse lina vitu vyenye vikwazo vya leseni. Programu isipopatikana kabisa wakati una hakika ipo, angalia kama universe imeandikwa.

Watu huuliza kwa nini anwani ni http wakati benki na kila mtu wanatumia https. Jibu liko kwenye mstari wa mwisho. Ghala lina faili liitwalo InRelease, lililotiwa saini ya kidijitali. Ndani yake mna namba za uhakiki za SHA256 za orodha za pakiti, na ndani ya orodha hizo mna namba ya uhakiki ya kila .deb. Mtu akibadilisha herufi moja ya pakiti njiani, namba hazitalingana na apt itaikataa. Ufunguo wa kuhakiki saini uko kwenye mashine yako tayari, uliletwa na diski uliyosakinishia. Kwa hiyo tovuti ikikuambia uongeze ghala lake na ufunguo wake, unaipa ruhusa ya kudumu ya kuleta pakiti kwako kila unaposasisha. Kwa kampuni inayojulikana, sawa. Kwa blogu fulani, hapana.

Sasa sakinisha, ukisoma

```
sudo apt update
apt policy qpdf
apt install -s qpdf
sudo apt install qpdf
```

update haisasishi programu yoyote. Inapakua orodha mpya kutoka maghalani na kuziweka kwenye /var/lib/apt/lists. Anayesasisha programu ni upgrade. Wengi wanazichanganya hizi mbili, halafu wanashangaa toleo halijabadilika.

policy inakuonyesha toleo ulilonalo, toleo litakalowekwa, na ghala linakotoka. Amri ya tatu ni mazoezi: -s inaiambia apt ieleze itakachofanya bila kukifanya. Kwa pakiti ndogo unaweza kuiruka. Kwa kitu kikubwa, au mashine ya mteja, usiiruke.

Kwenye amri ya nne, kama kuna cha ziada cha kuweka, apt itasimama kabla ya kuanza na kukuuliza Y au n. Hapo ndipo pa kutulia. Tazama kwanza kama kuna mstari unaosema "The following packages will be REMOVED". Ukiuona, soma kila jina. Ukikuta majina kama ubuntu-desktop au cups yanataka kuondoka kwa sababu ya kijiprogramu ulichokiomba, jibu n, na ujue kuna maghala mawili yanagombana. Kisha soma "Need to get", ambacho ndicho bando lako litakacholipa, na nafasi ya diski itakayotumika. Kubonyeza Y kwa mazoea ndiko kunakoleta mashine zisizo na skrini ya kuingilia asubuhi.

Wakati wa upgrade unaweza kuulizwa kuhusu faili la mipangilio lililo chini ya /etc ambalo ulishalibadilisha. Jibu la kawaida ni N, lako linabaki. Ukibonyeza D utaonyeshwa tofauti kabla ya kuamua.

Sasa ijaribu:

```
qpdf --empty --pages sehemu1.pdf sehemu2.pdf -- ripoti.pdf
```

Kuondoa kuna njia mbili: remove inaacha mipangilio, purge inaondoa hata hiyo. Baada ya hapo autoremove husafisha vitegemezi vilivyokuja kwa ajili ya pakiti ambayo haipo tena. apt inajua vipi viliingia vyenyewe na vipi uliviomba. Orodha ya autoremove nayo isome kabla ya kukubali.

Nani analalamika?

"Unable to locate package": ni orodha. Ama hujafanya update, ama jina limekosewa, ama fungu halimo. Tumia apt search kutafuta jina sahihi.

"404 Not Found" wakati wa kupakua: orodha yako ni ya zamani, ghala limeshaweka toleo jipya na kuondoa lile. Fanya update. Ikiendelea, huenda toleo lako la Ubuntu limefika mwisho wa maisha, na pakiti zake zimehamishiwa old-releases.ubuntu.com.

"Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend": kuna mwingine anaandika kwenye daftari, na mara nyingi ni masasisho ya kujiendesha yaliyoanza ulipowasha mashine. Ujumbe wenyewe unataja namba na jina la mchakato. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa rm umesambaa sana mtandaoni na ni mbaya: wawili wakiandika daftari kwa pamoja, ndipo linapoharibika kweli.

"Release file is not valid yet": huu ndio ninaoukuta zaidi kwenye mashine za mtumba, na unawachanganya hata mafundi. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekufa, kila mashine ikizimwa umeme saa inarudi nyuma miaka, na apt inaona ghala limetiwa saini siku ambayo haijafika. Ghala halina kosa. Rekebisha saa:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true
timedatectl
```

Kisha nunua betri, au kesho asubuhi utairudia kazi hiyohiyo.

"NO_PUBKEY": ufunguo wa ghala haupo. Karibu kila mara ni ghala la nje uliloongeza. Kama hulihitaji tena, ondoa faili lake kwenye /etc/apt/sources.list.d.

"Unmet dependencies": kama umetoka kutumia dpkg -i, jibu ni sudo apt --fix-broken install. Kama hukutumia, tafuta ghala la nje lililoleta toleo lisilolingana na mengine. apt policy kwenye pakiti iliyotajwa itakuonyesha.

Bando

Steshenari inayotumia intaneti ya simu ina jambo la kufanya mapema. Ubuntu inasasisha yenyewe nyuma ya pazia, na haijui bando lako linaisha lini. Fungua /etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades na ubadilishe "1" ziwe "0", kwa sharti kwamba wewe mwenyewe utafanya update na upgrade kila wiki. Mashine inayopokea flashi za kila mtu haitakiwi kukaa bila masasisho ya usalama. Kama huna uhakika utakumbuka, acha zilivyo.

Kwenye maabara ya shule au duka lenye mashine nyingi kuna suluhisho bora zaidi. Chagua moja iwe mama na usakinishe apt-cacher-ng, programu inayohifadhi pakiti zilizoshapakuliwa. Kwenye nyingine tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/00wakala lenye mstari mmoja, ukiweka anwani ya mashine mama:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
```

Kuanzia hapo mashine ya kwanza kuomba pakiti ndiyo inayotumia bando. Nyingine zote zinaipata kupitia mtandao wa ndani. Kazi hii inawezekana kwa sababu maghala yanatumia http: pakiti inahifadhika njiani bila kuathiri uhakiki, maana kila mashine bado inapima saini yenyewe. Maghala ya https hayapiti humo bila mipangilio ya ziada.

Na mashine isiyo na intaneti kabisa? Iombe orodha ya anwani:

```
apt-get install --print-uris -y -qq qpdf > anwani.txt
```

Peleka faili hilo kwa flashi kwenye mashine yenye mtandao, pakua kila anwani, rudi na faili za .deb, kisha sudo apt install ./*.deb ukiwa ndani ya folda hiyo. Orodha za mashine hiyo zikiwa za zamani sana, baadhi ya anwani zitakuwa zimekufa.

Vitu ambavyo apt haivimiliki

Ukiandika sudo apt install firefox kwenye Ubuntu, utapata pakiti tupu inayoita snap, na Firefox yenyewe inakuja kwa njia hiyo. Snap na Flatpak ni mifumo tofauti: programu inabeba maktaba zake yenyewe, kwa hiyo ni kubwa zaidi, na haionekani kwenye dpkg -l. Tumia snap list au flatpak list. Kwa mashine yenye diski ndogo mimi huanza na apt, nikikosa ndipo nageukia huko.

Wanaoandika programu kwa lugha ya Python wasitumie sudo pip install; pip ni kisakinishi cha Python. Ubuntu mpya inaikataa kwa ujumbe wa "externally-managed-environment", na ina haki: pip inaandika faili bila kuiambia dpkg, na baadhi ya zana za mfumo zimeandikwa kwa Python. Tengeneza mazingira ya pembeni kwa python3 -m venv.

Ukikutana na Fedora, aina nyingine ya Linux, au jamaa zake, sehemu ni zilezile: rpm iko mahali pa dpkg, dnf mahali pa apt, na maghala yanaandikwa kwenye /etc/yum.repos.d.

Kabla hujamrudishia mteja mashine yake, hifadhi orodha ya pakiti zilizosakinishwa kwa kuombwa:

```
apt-mark showmanual > pakiti.txt
```

Diski ikifa, sakinisha Ubuntu ya toleo lilelile, rudisha faili hilo, na uandike xargs -a pakiti.txt sudo apt install -y. Kama programu iliacha kufanya kazi na mteja anaapa hakugusa kitu, fungua /var/log/apt/history.log: kila amri ya apt iliyosakinisha, kusasisha au kuondoa kitu karibuni imo, na tarehe yake, na saa yake.